Mkono wa kushoto kwenye santuri: namna ya kuzisikiliza rekodi za mwanzo za piano ya bluzi na jazi

Anayefungulia kwa mara ya kwanza rekodi ya piano ya mwaka 1923 husikia mchacharo kama wa mafuta kikaangoni, na nyuma yake kinanda kinacholia kana kwamba kimefunikwa blanketi. Hukumu hutoka haraka: mpigaji anagonga tu, besi hana, vipande vyote vinafanana. Lakini hukumu hiyo inaihusu mashine zaidi kuliko mpigaji. Na mashine haikuionea piano nzima kwa usawa. Iliuonea zaidi mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto ndio unaotenganisha regitaimu na straidi, na straidi na bugi-wugi. Msikilizaji anatakiwa kutambua mitindo kwa kusikiliza upande ule ule wa kinanda ambao santuri iliunasa vibaya zaidi. Tuanze basi na mashine.

Pembe ilinasa nini

Kabla ya 1925, studio kubwa za Marekani zilirekodi bila maikrofoni. Mpigaji alikaa mbele ya pembe pana ya bati. Sauti iliingia kwenye pembe, ikatikisa kiwambo chembamba kilichokuwa mwishoni mwake, na kiwambo kikaisukuma sindano iliyochora mfuo kwenye bamba nene la nta lililokuwa likizunguka. Nguvu yote ya kuchora ilitoka kwenye nyundo za piano zenyewe. Ukipiga polepole kwa hisia, sindano haichori kitu cha maana. Ndiyo maana solo nyingi za wakati huo zina nguvu moja mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana piano za kusimama zilivuliwa ubao wa nyuma na kusogezwa hadi karibu ziguse pembe.

Piano ni ala ngumu kwa pembe. Tarumbeta ina mdomo mmoja unaoweza kuelekezwa. Piano hutoa sauti kwenye ubao mpana, kila noti ikianza kwa kishindo kisha ikififia. Banjo ilipenya vizuri zaidi, kwa hiyo regitaimu iliingia kwenye santuri kwa banjo na bendi za matarumbeta muda mrefu kabla ya piano. Mike Bernard aliporekodi solo kwa kampuni ya Columbia mwaka 1912, kusikia piano peke yake ikipiga regitaimu kwenye santuri kulikuwa bado jambo la nadra.

Sasa tarakimu. Pembe nzuri ilinasa takriban kuanzia herzi (mitikisiko kwa sekunde) 200 hadi 2,500, kutegemea studio na siku. Piano yenye vitufe 88 huanzia herzi 27.5 na kuishia 4,186. C ya katikati ni 261.6. Ukihesabu kutoka kushoto, vitufe 35 vya kwanza vina noti za msingi zilizo chini ya herzi 200, na hapo ndipo mkono wa kushoto unapofanya sehemu kubwa ya kazi yake. C iliyo oktava mbili chini ya ile ya katikati hutikisika mara 65.4 kwa sekunde. Pembe haikuinasa.

Lakini tunaisikia. Kila waya wa piano hutoa, pamoja na noti ya msingi, sauti ndogo ndogo za juu yake: kwa C hiyo ni takriban 131, 196, 262, 327 na kuendelea. Pembe ilinasa zile za juu, na ubongo wetu, ukikuta mfululizo wenye nafasi sawa, huijaza wenyewe ile ya chini iliyokosekana. Tunachosikia ni kivuli cha besi. Hii inaeleza kwa nini rekodi hizi huwa na unafuu kwenye spika za kawaida kuliko kwenye spika zenye besi kubwa: ukiongeza besi unaongeza ngurumo ya mashine tu, kwa sababu noti haipo kule chini. Ukitaka kuufuata mkono wa kushoto, punguza besi na uinue kidogo sehemu ya kati, kati ya herzi 300 na 1,000. Huo ndio mtaa anakoishi.

Upande wa juu nako kuna hasara. Ule mlio mkali wa nyundo kugusa waya uko juu ya 2,500, ukakatwa, na noti zikaonekana kuanza kwa uvivu. Mpigaji mwepesi akageuzwa mzito.

Umeme haukuja siku moja

Mwaka 1925 Victor na Columbia walianza kutumia mtambo wa maikrofoni na vikuza sauti uliotengenezwa na Western Electric. Upeo ukapanuka hadi karibu herzi 5,000 juu, na chini ukashuka hadi ambako besi ya piano inaanza kusikika kwa haki. Wengi hukariri kwamba kabla ya 1925 ni rekodi za pembe na baada ya hapo ni za umeme. Si sahihi, na kosa hilo huwafanya watu wawalaumu wapigaji kwa dhambi za mafundi.

Kila kampuni ilikuwa na safari yake. Brunswick, waliomiliki pia lebo ya Vocalion, walitumia njia yao iliyohusisha mwanga, na matokeo yake kati ya 1925 na 1927 mara nyingi ni mabaya kuliko pembe nzuri. OKeh nao walikuwa na mtambo wao wa mpito, dhaifu, hadi waliponunuliwa na Columbia mwishoni mwa 1926. Gennett walichelewa zaidi. Kwa upande mwingine, Orlando Marsh wa Chicago alikuwa tayari akirekodi kwa umeme mwaka 1924 kwa lebo yake ndogo ya Autograph. Kwa hiyo, kabla ya kutazama mwaka, tazama sahani yenyewe: santuri za Victor za umeme zina herufi VE ndani ya duara lililobonyea karibu na lebo, na za Columbia zina W kwenye namba iliyochorwa eneo hilo hilo.

Namba hiyo ina faida nyingine. Namba iliyochapwa kwenye lebo ni ya katalogi, ya duka. Iliyochorwa kwenye sahani ni ya matrisi, yaani ya siku ile studioni. Bamba la nta halikuweza kuchezwa bila kuharibika, hivyo mpigaji alirudia kipande mara mbili au tatu, mabamba yakapelekwa kiwandani kupakwa chuma, na uamuzi wa kutoa lipi ukafanywa baadaye. Wakati mwingine yalitoka mawili tofauti chini ya namba moja ya katalogi. Wasikilizaji wawili wanaobishana kama kuna noti fulani kwenye mzunguko wa tatu wa wimbo wanaweza kuwa wote sahihi.

Mkono wa kushoto wa kila mtindo

Nitatumia do-re-mi, kwa sababu aliyepita kwaya yoyote anaifahamu. Kodi ninayoitaja ni noti tatu au nne zinazopigwa pamoja, si ile ya serikali.

Regitaimu ilikuwa muziki wa kuandikwa. "Maple Leaf Rag" ya Scott Joplin ilichapishwa Sedalia, Missouri, mwaka 1899, na muundo wake ukawa kielelezo: sehemu nne za vipimo 16 kila moja, kipimo kikiwa fungu dogo la mapigo. Mbili za kwanza do ni A-flati. Ikifika ya tatu, fa ya zamani inageuka do mpya, yaani D-flati. Mkono wa kushoto unatembea kama askari: noti ya besi, kodi, noti ya besi, kodi. Mkono wa kulia ndio unaochelewa na kuwahi mapigo. Ukisikia kushoto kumetulia hivyo na kulia ndiko kunakocheza, na sehemu zinabadilika kila baada ya vipimo 16, uko kwenye regitaimu au kwa mtoto wake.

Straidi ni ya Harlem, New York, na ndiyo inayoonewa zaidi na pembe. Msingi ni ule ule wa besi na kodi, lakini umbali umetanuka: besi inashuka oktava nzima zaidi, au vidole vinatandazwa noti kumi kwa wakati mmoja, kisha mkono unaruka hadi karibu na C ya katikati kuchukua kodi, mara mbili kila kipimo, kwa kasi ambayo wengi wangeiogopa hata kwa mkono wa kulia. "Carolina Shout" ya James P. Johnson, iliyorekodiwa kwa OKeh tarehe 18 Oktoba 1921, ndiyo mtihani. Kuna mahali mkono wa kushoto unaacha mwendo wa besi-kodi-besi-kodi na kuanza besi-besi-kodi, besi-besi-kodi, besi-kodi. Hesabu: 3, 3, 2. Mapigo ni nane yale yale lakini mgawanyo umepinda, na kwa vipimo kadhaa unahisi sakafu imehama. Kwenye santuri ile ya pembe, kodi zinasikika na besi ni kivuli, kwa hiyo wengi hudhani Johnson amekosea muda. Sikiliza zilipo kodi tu: zinaangukia pigo la 3, la 6 na la 8. Ukishazipata, besi zitajipanga zenyewe kichwani.

(Mwaka huo huo Eubie Blake alirekodi kwa lebo ya Emerson kipande kilichopewa jina "Sounds of Africa". Cha Afrika ndani yake ni jina. Kipande chenyewe ni "Charleston Rag", na mkono wake wa kushoto unaoteremka kwa ngazi ni wa Baltimore kabisa.)

Jelly Roll Morton wa New Orleans hakai vizuri kwenye sanduku lolote, na ndiyo sababu nitarudi kwake. Kwake piano ni bendi nzima. Mkono wa kushoto ukishachoka kuwa besi unakuwa tromboni: unapanda au kushuka kwa oktava mbili tatu za mfululizo na kuingia katikati ya maneno ya mkono wa kulia. Kisha bendi yote inanyamaza kwa vipimo viwili na mkono mmoja unabaki peke yake. Katika "Grandpa's Spells" mkono wa kushoto unapiga besi kwa kishindo cha noti nyingi zisizo na mpangilio, kama mlango unaobamizwa. Kwenye rekodi ya pembe kishindo hicho ni kama mtu amepiga teke stuli, na wapo wanaodhani ni kasoro ya sahani.

Morton pia alisisitiza kwamba jazi isiyo na ladha ya Kihispania haijakolea. Alimaanisha mdundo wa habanera, uliofika New Orleans kutoka Cuba: katika mapigo madogo manane, besi inaangukia la 1, la 4, la 5 na la 7. Sikiliza "New Orleans Joys" ya 1923. Msikilizaji aliyelelewa na rumba ya Kongo hahitaji kuelezwa sana hapa, maana santuri za Cuba zilizouzwa Kongo kuanzia miaka ya 1930 zilibeba ukoo ule ule wa midundo. Sikio la Kinshasa au Kigoma linaweza kulipata hili haraka kuliko sikio la London.

Bluzi na bugi-wugi zinakwenda njia nyingine kabisa. Hapa mkono wa kushoto hauruki. Unakaa mahali pamoja na kurudia umbo moja la besi, mara nyingi noti nane kwa kila kipimo, na umbo hilo linahamishwa zima zima kodi inapobadilika. Mzunguko wa kawaida una vipimo 12: vinne vya kodi ya do, viwili vya fa, viwili vya do, kimoja cha so, kimoja cha fa (au so tena), viwili vya do. Kwa pembe, umbo hili lilikuwa na bahati na balaa: bahati kwa sababu kinachorudiwa mara mia sikio hukipata hata kikiwa hafifu, balaa kwa sababu noti moja moja za chini hazikuwa na kodi ya kuzisaidia kupenya. "Chicago Stomp" ya Jimmy Blythe, iliyorekodiwa kwa Paramount mwaka 1924, ni kati ya santuri za mwanzo kabisa zenye bugi-wugi kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuisikiliza ni kama kumtambua mtu kwa mwendo wake gizani.

Dakika tatu za hesabu

Santuri ya sentimita 25, ile ya kawaida, ilibeba kama dakika tatu kila upande. Mzunguko wa bluzi una mapigo 48, yaani vipimo 12 vya mapigo manne manne. Kwa mwendo wa mapigo 160 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sekunde 18, hivyo dakika tatu ni mizunguko 10. Kwa mwendo wa 100 ni sekunde 28.8, na inaingia mizunguko sita tu. Mpigaji wa bugi-wugi aliyezoea kupigia wacheza dansi kipande kimoja usiku kucha alilazimika kuchagua vituo sita au kumi kati ya mamia aliyokuwa nayo. Tunachokiita mtungo wa Meade Lux Lewis au Hersal Thomas ni muhtasari uliotengenezwa studioni chini ya saa.

Kwa regitaimu na kwa Morton shida ilikuwa kinyume. Sehemu nne zenye marudio yote hazitoshi kwenye dakika tatu, hivyo marudio yalikatwa. Ukiona rekodi haifuati karatasi ya noti, usiharakishe kusema mpigaji amebuni.

Jina nalo hudanganya. Baada ya Mamie Smith kurekodi "Crazy Blues" kwa OKeh tarehe 10 Agosti 1920 na santuri ikauzika sana, neno bluzi likawa bidhaa, na likabandikwa hata pasipostahili. "Wolverine Blues" ya Morton haina mzunguko wa vipimo 12. Ni mjukuu wa regitaimu. Lakini "Jelly Roll Blues" yake, iliyochapishwa 1915, ni bluzi kweli. Hesabu vipimo, usisome lebo.

Kipande kimoja, mashine tano

Njia fupi ya kulitia sikio adabu ni kufuata kipande kimoja kupitia vyombo mbalimbali. "King Porter Stomp" ya Morton kinafaa kuliko vyote.

Anza na cha Gennett, Julai 1923. Gennett ilikuwa mali ya kiwanda cha piano cha Starr, Richmond, Indiana, na studio yake ilikuwa kando ya reli. Treni ikipita, kazi husimama. Ni rekodi ya pembe. Besi ni kivuli, lakini sehemu ya mwisho, ile yenye vifungu vifupi vinavyojibizana, ipo wazi kwa sababu yote inachezwa katikati ya kinanda.

Mwaka 1924 Morton alikirekodi tena akiwa na King Oliver kwenye koneti, kwa Marsh. Ni umeme, lakini umeme mchanga, wenye ukwaru. Faida yake ni nyingine: koneti imechukua wimbo, na kwa mara ya kwanza unasikia mkono wa kushoto unafanya nini mpigaji anapokuwa mhudumu badala ya bwana harusi.

Mwaka 1926 ni solo ya Vocalion. Hii ndiyo inayowatatanisha watu, kwa sababu tarehe inaahidi umeme na sauti inatoa moshi. Ni ile njia ya mwanga niliyoitaja.

Mei 1938, kwenye ukumbi wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za jadi, alianza kumrekodi Morton akisimulia na kupiga. Hapakuwa na kampuni ya kumharakisha wala kipimo cha dakika tatu cha duka. Mtambo ni wa kubebeka, sauti ina mikwaruzo, lakini mguu unaogonga sakafu unasikika na besi ipo. Desemba 1939 akakipiga tena kwa lebo ya General, na hapo hatimaye noti za chini zina mwili.

Zisikilize kwa mpangilio wa kurudi nyuma, 1939 hadi 1923. Ukifika Gennett, sikio litakuwa limejua mkono wa kushoto unakwenda wapi, na kivuli kitageuka mtu. Ukianzia 1923 utazoea umaskini, halafu utaudhani ndio mtindo.

Mikanda ya karatasi si santuri

Mtandaoni kuna maelfu ya video zenye maneno "Scott Joplin akipiga". Joplin hakuacha santuri hata moja. Kilichopo ni mikanda ya karatasi ya pianola ya mwaka 1916, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Pianola inasoma matundu: penye tundu hewa inapita na kitufe kinashuka.

Mkanda wa kawaida unaeleza kitufe gani na kwa muda gani. Hauelezi nguvu ya kidole. Mwendo nao uko mikononi mwa anayeendesha mashine leo. Namba ya tempo iliyochapwa mwanzoni, kwa mfano 70, maana yake ni futi saba za karatasi kwa dakika, yaani kama mita 2.1. Isitoshe, karatasi inavyojikunja kwenye roda ya kupokelea, roda inanenepa na kasi inapanda taratibu hadi mwisho. Halafu kuna wahariri wa kiwandani: walisawazisha muda na kuongeza noti hadi kodi ikahitaji mikono mitatu. Ukisikia mpigaji mmoja akishika noti 12 katika pande tatu za kinanda kwa pamoja, ni kisu cha mhariri hicho.

Je, mikanda ni bure? Hapana. Besi zake zote zipo, hakuna pembe iliyozila. Duke Ellington na Fats Waller walijifunza "Carolina Shout" kwa kuuendesha mkanda wa Johnson polepole na kufuata vitufe vilivyokuwa vikishuka. Fanya hivyo hivyo: mkanda ukuambie noti zipi, santuri ikuambie zilivyopigwa. Kutumia kimoja peke yake ni kuendesha baiskeli yenye tairi moja.

Kasi, tundu na sindano

Tunaziita santuri za mizunguko 78, lakini kabla ya injini za umeme kuenea, kila studio ilikuwa na 78 yake. Columbia nyingi za zamani zinataka 80. Iliyorekodiwa kwa 80 ikachezwa kwa 78.26 inashuka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya nusu-toni (hatua kati ya kitufe kimoja na jirani yake). Ili kosa lifike nusu-toni nzima kasi inatakiwa kupotoka kwa karibu asilimia 6: ya 78 ichezwe kwa 82.6. Hapo kipande cha dakika tatu kinaisha kwa dakika 2 na sekunde 50, na mpigaji anaonekana hodari kuliko alivyokuwa.

Ufunguo wa kutatua hili ni karatasi ya noti. Kama do iliyochapishwa ni A-flati na unasikia A kamili, kasi imezidi. Ukiangukia katikati ya funguo mbili, rekebisha kuelekea iliyo karibu. Usitegemee usahihi wa kukata nywele, kwani piano ya studio yenyewe ingeweza kuwa imelegea.

Mtikisiko ni jambo jingine. Piano haiwezi kupinda noti, kwa hiyo ikiyumba, mwenye hatia ni sahani. Mzunguko mmoja wa 78 huchukua sekunde 0.77. Sauti ikipanda na kushuka kwa kipindi hicho hicho, tundu la katikati halikutobolewa katikati. Tundu likihama milimita moja tu, pembezoni mwa sahani, sentimita 12 kutoka kitovuni, noti inayumba kwa asilimia 0.8, karibu na lebo, kwenye sentimita 5, inayumba kwa asilimia 2, yaani theluthi ya nusu-toni kila upande. Ndiyo maana mwisho wa kipande hulia kilevi kuliko mwanzo.

Mwenye santuri nyumbani, iwe ya Marekani au ile ya bibi yenye sauti ya Siti binti Saad aliyerekodiwa Bombay na HMV mwaka 1928, azingatie yafuatayo. Sindano ya santuri za kisasa za plastiki ina ncha ya mikroni 18 hivi; kwenye mfuo wa 78 inazama hadi chini kwenye uchafu na kuchora mchacharo. Inatakiwa ncha ya mikroni 65 hadi 76, kwa uzito wa gramu 3 hadi 5. Usioshe kwa spiriti wala pombe ya aina yoyote: sahani hizi zimefungwa kwa utomvu wa wadudu, ndugu wa lakiri, na pombe huuyeyusha. Maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, tone la sabuni laini, brashi laini, lebo isilowe. Kwa karatasi ya kupimia kasi, ile ambayo mistari yake huonekana imesimama chini ya taa kasi ikiwa sahihi, umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa herzi 50, kwa hiyo tafuta yenye mistari 77. Ya Marekani ina 92 na itakudanganya.

Kosa lililoenea kuliko yote ni kupitisha sauti kwenye kikuza cha santuri za kisasa bila kubadili mpangilio wake. Mpangilio huo unapunguza herzi 10,000 kwa desibeli karibu 14 na kuvimbisha besi, kwa kuwa santuri za plastiki zilitengenezwa kinyume cha hapo. Santuri ya pembe haikutengenezwa hivyo. Matokeo ni piano iliyozikwa mara ya pili. Programu za kuondoa kelele nazo, zikikazwa, huondoa kwanza sauti ndogo za juu, zile zile ambazo ubongo ulikuwa unazitumia kuijenga besi. Kati ya toleo lenye mchacharo na toleo safi lililonyamaza, chukua lenye mchacharo.

Habari njema ni kwamba kwa sheria ya Marekani ya 2018, rekodi zilizotoka kabla ya 1923 zikawa huru kuanzia tarehe 1 Januari 2022, za 1923 zikafuata mwanzoni mwa 2024, za 1924 mwanzoni mwa 2025. Solo za kwanza za Morton kwa Gennett, basi, zinaweza kunakiliwa huko bila kuomba ruhusa.

Desemba mbili, na mtunza nyasi

Umeme ulipotulia, mkono wa kushoto ukatoka gizani kwa haraka. Desemba 1927 Meade Lux Lewis alirekodi "Honky Tonk Train Blues" kwa Paramount, kampuni iliyozaliwa na kiwanda cha viti Wisconsin na iliyosifika kwa sahani za malighafi duni. Hata hivyo treni inasikika: kushoto kodi nzito zinazoyumba do na jirani zake, kulia mapigo ya tatu tatu yanayokataa kukutana na ya kushoto. Miaka minane baadaye Lewis alipatikana Chicago akiosha magari, akakirekodi tena, 1935 na 1937. Linganisha.

Desemba 1928 Earl Hines alirekodi solo kwa kampuni ya QRS na kwa OKeh, akafanya kitu ambacho pembe ingekificha kabisa: aliuvunja mkono wa kushoto. Straidi inaenda vipimo viwili, inakatika, besi inapotea, mikono yote inakimbia pande tofauti, kisha kila kitu kinarudi kwenye pigo sahihi. Tarehe 29 ya mwezi huo huo, Pine Top Smith alirekodi "Pine Top's Boogie Woogie" kwa Vocalion, kipande kilichoupa mtindo jina. Si ala tupu, maana Smith anawaamrisha wacheza dansi juu ya muziki. Machi 1929 aliuawa kwa risasi.

Aliyewafundisha wengi wa Chicago, Jimmy Yancey, hakurekodi solo hadi 1939. Kazi yake ilikuwa kutunza uwanja wa besiboli wa White Sox. Mkono wake wa kushoto ni wa upole, una nafasi, na mara kwa mara unageuka habanera ile ile ya Morton ndani ya vipimo 12 vya bluzi. Humalizia kila kipande kwa E-flati, hata kama do yake tangu mwanzo ilikuwa G au C. Ukiisikia sekunde mbili za mwisho zikirukia kwingine ghafla, usiguse kasi na usimlaumu aliyenakili.